Nani Aliyempa Mhadhiri Ijaza?

Hapa kwetu Pwani neno chuo lina maana tatu, na zote zakaa nyumba moja bila ya kugombana. Chuo ni kitabu. Chuo ni mahali apelekwapo mtoto na juzuu yake kwapani akaanze alifu na be. Na chuo ni majumba yale ya ghorofa waendako vijana wetu kutafuta diploma na digrii. Mzazi akisema, "Mwanangu yuko chuoni," hujui kama mtoto mwenyewe ana miaka sita au ishirini mpaka umwulize.

Mimi nimekaa katika vyuo vya namna zote mbili, kimoja nikiwa mwanafunzi na kingine nikiwa mwalimu, na jambo ninalotaka kulieleza leo limetokana na tofauti niliyoiona baina yao. Katika chuo cha mkeka sikupata kumwona mtu aliyekaa kusomesha kabla ya yeye mwenyewe kusikilizwa na mwalimu wake. Katika chuo cha ghorofa nilikabidhiwa wanafunzi mia na ishirini niwafunze kusoma na kuandika, wala hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeniuliza kama kazi hiyo naijua.

Mwaka ulikuwa 2009. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya pili katika historia na natafuta kazi. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, nikapigiwa simu kutoka chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwalimu wa somo la Stadi za Mawasiliano alikuwa ameondoka ghafula, je, naweza kuanza Jumatatu? Somo hilo wasomaji wengi walijua au watoto wao walijua. Karibu kila kijana aingiaye chuo kikuu hapa Kenya hupitishwa humo mwaka wa kwanza, awe asomea uuguzi, uhandisi au biashara, ili afunzwe namna ya kusoma vitabu vya elimu ya juu na kuandika hoja zake zikafahamika. Nikajibu kwamba naweza. Nilidhani mtu ajuaye kuandika ajua pia kufundisha kuandika. Wangapi wajuao kuogelea waliomtosa mtoto majini kwa dhana kama hiyo!

Wiki ya pili nikawapa insha. Nilizipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, nikakaa nazo sakafuni usiku. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya msichana mmoja wa upande wa Kisauni. Kurasa mbili kamili bila ya nukta hata moja. Maneno yalikuwa yakifuatana kama maji ya mfereji, na baina ya jambo na jambo hapana ila "na", na "na" nyingine, na nyingine tena. Mawazo yalikuwamo, tena mazuri. Alikuwa akieleza kwa nini wavuvi wa mtaa wao wamepoteza pwani yao kwa wenye mahoteli. Lakini mimi sikuyatazama mawazo. Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia kila kosa, mpaka karatasi ikawa kana kwamba imechinjiwa kuku.

Nilipomrudishia aliisoma palepale, kisha akaja mezani kwangu akaniambia kwa adabu, "Ustadhi, makosa nimeyaona. Sasa niambie nifanye nini."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia asome sana na ajitahidi, maneno ambayo mtu huyatoa pale asipokuwa na neno. Muhula ule alianguka, na muhula uliofuata hakurudi. Nilisikia baadaye kwamba ada pia ilikuwa imewashinda kwao, basi sisemi kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemtoa chuoni. Lakini najua kwamba siku alipouliza swali la maana kuliko yote niliyopata kuulizwa darasani, mwalimu wake alikuwa hajafunzwa jibu.

Siku zile marehemu Maalim wangu wa Kurani alikuwa bado hai, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilikwenda kumjulia hali, nikamweleza habari ya insha ile isiyokuwa na nukta, nami nikieleza kwa kucheka. Yeye hakucheka.

"Huyo binti amesoma chuoni kwa nani?" aliniuliza.

"Sijui, Maalim."

"Basi wamfundishaje mtu usiyejua alikotoka, mwanangu?"

Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utotoni lakini sikuwahi kulifikiri. Msahafu una alama zake za waqfu, za pa kusimama na pa kuunganisha, na mtoto huzifuata kwa pumzi na kwa sikio. Kitabu cha Kiarabu cha zamani, na barua za wazee wetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hazina nukta kama hii ya Kizungu. Maneno hufululiza, na msomaji huongozwa na "wa" na "fa" kujua jambo jipya limeanza. Katika tenzi kituo chajulikana kwa kina. "Binti aandika kama alivyozoea kusikia," alisema Maalim. "Mwambie akusomee kwa sauti, nawe umwonyeshe pale pumzi inapokatika."

Mzee yule hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, lakini kwa dakika tano alikuwa amenipa somo la ualimu ambalo miaka sita ya chuo kikuu haikunipa. Alinifunza kwamba kosa la mtu mzima lina asili yake, na kwamba mwalimu asiyeijua asili hiyo hubaki kuzungushia wino mwekundu tu.

Baadaye, katika kutafuta, nilikuta kwamba swali la msichana yule liliulizwa mahali pengine zamani, tena na maelfu kwa mpigo mmoja. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na wale wenye asili ya Puerto Rico katika City College mjini New York waliteka sehemu ya chuo wakitaka milango ifunguliwe kwa vijana wa mitaa yao. Mwaka uliofuata, 1970, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilikubali kwamba kila amalizaye shule ya sekondari mjini humo apewe nafasi katika mojawapo ya vyuo vyake. Wanafunzi wapya walikuwa wapatao 20,000 mwaka 1969. Mwaka 1970 wakawa kiasi cha 35,000. Miongoni mwao walikuwamo wengi ambao shule zao hazikuwafunza kuandika zaidi ya kujaza nafasi iliyoachwa wazi katika sentensi.

Walimu walishikwa na bumbuazi. Wengi walikuwa mabingwa wa Shakespeare, wala hawakuwa wamefikiria kwamba siku moja wataulizwa nukta huwekwa wapi. Baadhi walisema chuo kimekwisha kuharibika. Mmoja wao, mwanamke kwa jina Mina Shaughnessy, mzaliwa wa Lead katika jimbo la South Dakota mwaka 1924, ndiye aliyeongoza mafunzo ya uandishi kwa wanafunzi hao pale City College. Yeye naye ameeleza jinsi alivyokaa peke yake darasani siku za mwanzo, karatasi za wanafunzi mkononi, asijue aanzie wapi. Niliposoma habari hiyo nilijiona mimi na mfuko wangu wa plastiki.

Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuishia kwenye kalamu nyekundu. Alizikusanya insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa na wanafunzi wapya baina ya mwaka 1970 na 1974, akazisoma kama tabibu amsomavyo mgonjwa. Hapa mwanafunzi ameweka nukta: kwa nini hapa? Hapa ameacha herufi ya mwisho: je, husikika anaposema? Hapa sentensi imevunjika katikati: alikuwa akitaka kusema nini hata ikamshinda? Akaona kwamba makosa hayo hayakumwagika ovyo kama mchele uliopasukiwa na gunia. Yana kanuni. Wanafunzi hawakuwa wajinga wala wavivu; walikuwa ni wanagenzi katika kazi wasiyopewa kuifanya, na mwanagenzi hujifunza kwa kukosea. Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka mwaka 1977, nacho kiliandikiwa walimu. Mwaka uliofuata akafariki kwa saratani, umri wake miaka 54.

Wakati huohuo walisomesha pale washairi wenye majina makubwa, Adrienne Rich, Audre Lorde na June Jordan. Sifa ya kalamu haikutosha. Nao pia iliwapasa kujifunza kazi hii mbele ya wanafunzi wao.

Nisije nikafanya New York kuwa pepo. Mwaka 1976 mji ulikuwa umekaribia kufilisika, ada ikaanza kutozwa mahali ambapo elimu ilikuwa bure tangu 1847, na walimu wengi wakaachishwa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madarasa ya kuwainua walio nyuma yaliamriwa kuondolewa katika vyuo vyake vikuu vya miaka minne. Milango ilifunguliwa kwa kishindo ikarudishwa kimyakimya. Lakini elimu iliyopatikana juu ya namna ya kumfunza mtu mzima kuandika haikufutika, na yeyote aitakaye aweza kuichukua.

Sisi hapa tungeichukua kwa namna yetu, maana makosa ya vijana wetu si makosa ya vijana wa New York. Kijana wetu aandika kwa Kiingereza juu ya mama yake, na kufikia mstari wa tatu mama amegeuka mwanamume. Si kwamba hajui mama ni nani! Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, na Kigiriama na Kidigo ni vivyo hivyo. Mwingine aandika kwamba alisikia harufu ya pilau kwa sikio, kwa kuwa sisi harufu twaisikia na Mwingereza ana neno lake la pua. Mwalimu akilijua hili humweleza mara moja likaisha. Asiyejua huandika kando ya karatasi kwamba mtoto huyu hana akili ya lugha, na mtoto akaamini.

Liko na jambo la kunakili, ambalo ndilo linalowapandisha wahadhiri mori zaidi. Mwanafunzi huchukua ukurasa mzima wa kitabu cha mtu akautia katika insha yake kama ulivyo. Chuo humwita mwizi. Mimi pia nilimwita hivyo. Sasa husita kidogo, kwa sababu katika mila yetu kunakili kulikuwa ni heshima. Kule Siyu waandishi walinakili misahafu kwa mikono yao na kwa wino wa rangi, na hakuna aliyewaambia waongeze la kwao. Kuhifadhi neno la mwenye elimu bila ya kulipunguza ndiyo iliyokuwa amana. Kijana aliyelelewa hivyo hawezi kujua kwa ndoto kwamba katika chuo cha ghorofa watu wataka kusikia neno lake mwenyewe na kuona waziwazi ni wapi lake lilipoishia na la mwingine lilipoanzia.

Lakini silaha ya kumfunzia anayo tayari. Muulize mwanafunzi yeyote aliyepita chuoni kama hadithi isiyo na isnadi hukubaliwa. Atakucheka! Ajua kwamba lazima isemwe fulani ameipokea kwa fulani, na fulani awe mtu wa kuaminika. Nilipoanza kusema darasani kwamba kutaja kitabu na ukurasa ni isnadi ya insha, jambo nililokuwa nikilipigia kelele kwa mihula mitatu lilieleweka kwa saa moja. Na siku hizi ambapo simu ya mkononi kwa akili unde humwandikia kijana insha nzima kabla chai haijapoa, nawauliza swali hilohilo: isnadi yake iko wapi?

Kusoma nako kuna taabu zake. Wengi husoma kila neno sawasawa, tena kwa lafudhi nzuri, lakini ukiwauliza mwandishi ashikilia nini, na ni nani anayembishia, hunyamaza. Wazee wetu walilijua tatizo hili, ndiyo maana kusoma kwa ulimi kulikuwa ni hatua moja, na darsa hatua nyingine. Yeyote aliyekaa msikitini katika mwezi wa Ramadhani akisikiliza tafsiri amekwisha kuona darasa la kusoma. Sheikh husoma kipande, husimama, hukifungua kwa Kiswahili, husema neno hili hapa lina maana hii wala si ile, na maulamaa fulani wamehitilafiana juu yake. Msikilizaji huona jinsi akili ya mwenye kusoma inavyokwenda. Ni wahadhiri wangapi wa uchumi au wa biolojia wanaofungua kitabu mbele ya wanafunzi wakawaonyesha namna wao wenyewe wanavyokisoma? Wengi husema tu, "Kasomeni sura ya nne."

Sasa tazama mambo yalivyo. Sheria ya nchi hii haimruhusu mtu kusomesha shuleni kabla hajasajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu. Mwalimu wa mtoto wa darasa la kwanza amekaa Shanzu au chuo kingine mfano wake, amefunzwa jinsi herufi zinavyomwingia mtoto, amepelekwa mazoezini na mkufunzi akakaa nyuma ya darasa akimwandika. Kaka yake mtoto huyo, aliye chuo kikuu, afundishwa kuandika na mtu ambaye mara nyingi aliulizwa shahada zake tu. Na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu wa muda, mwenye vyuo viwili au vitatu vya kukimbilia kwa matatu, ambaye mshahara wake wa muhula uliopita bado haujaonekana. Humo ndimo tulimoliweka somo ambalo masomo mengine yote hulitegemea.

Nimewahi kulisema hili mbele ya wakubwa, nikajibiwa kwamba chuo kikuu si mahali pa alifu na be, na kwamba asiyejua kuandika asingalikubaliwa tangu mwanzo. Jawabu hilo nililisikia likisemwa kwa fahari. Lakini hakuna azaliwaye akijua kuandika hoja ya kurasa kumi yenye ushahidi. Hata aliyepata alama A katika mtihani wa kidato cha nne ataikuta kazi hiyo mpya. Na juu ya suala la nani astahili kukaa darasani, sisi watu wa Pwani tulikwisha kupewa mfano. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akakaa Lamu na kuasisi Riyadha, aliwafungulia darsa watumwa walioachwa huru na watu wasiokuwa na cheo mjini. Haikuwapendeza baadhi ya wakubwa wa mji. Habib alifariki mwaka 1935, na mpaka hii leo Riyadha yatoa wanafunzi.

Ninalotaka mimi ni ijaza. Katika elimu yetu mtu hukisoma kitabu mbele ya sheikh wake, sheikh akamsikiliza, akamrekebisha, kisha akamwambia: sasa nenda ukasomeshe. Basi mhadhiri mpya wa somo hili, kabla ya kukabidhiwa darasa, na akae muhula mmoja na mwenzake mzoefu. Wachukue insha thelathini za wanafunzi wazisome pamoja, bila ya kalamu nyekundu, wakiulizana tu kila kosa limetoka wapi. Amfunze mwanafunzi mmoja ana kwa ana mpaka ajue mtu huyo aandikaje tangu wazo hadi nukta. Asome kwa sauti mbele ya wenzake makala ya fani yake, aeleze pale anaposhuku na pale anaporudi nyuma. Kisha asimame darasani na mwingine akae nyuma akimtazama. Haya hayataki jengo jipya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Yataka masaa, na yataka chuo kikubali kuyalipia masaa hayo kama kinavyolipia mihadhara.

Tena na tuwasomeshe maandishi ya hoja ya kwao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akijadiliana na watu wake juu ya elimu na dini na mambo ya dunia. Kijana wa Mombasa hufika chuo kikuu akidhani kwamba kuandika hoja ni mila ya wageni. Hajaambiwa kwamba mtaani kwao kulikuwa na mtu aliyefanya kazi hiyo kila juma kwa Kiswahili kilekile anachokisema yeye.

Kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiari yetu na bila malipo, mimi na wenzangu wawili hukutana Jumatano alasiri na walimu wapya watakao kuja. Mwaka jana walikuja wanne, na mmoja akaacha katikati kwa kuwa alipata darasa jingine la kumlipa. Simlaumu. Huanza kwa insha moja ya kurasa mbili isiyokuwa na nukta, juu ya wavuvi waliopoteza pwani yao. Nimefuta jina na kuipiga chapa upya ili wino wangu mwekundu usionekane. Kila mmoja huisoma kwa sauti, kisha nawauliza wangemwambia nini mwandishi wake kama angekuja mezani sasa hivi akauliza afanye nini.